Kupandisha simenti etaji (ghorofa) ya pili bila umeme: puli moja inatosha?

Jenga_Majengo aliandika:

Jambo wandugu. Nauliza wenye ujuzi wa shantye (kazi za ujenzi), wa Goma hasa, maana wanajua mawe yetu.

Nyumba iko mtaa wa Majengo. Dale (sakafu ya zege) ya etaji ya pili imekauka, sasa tunataka kuinua kuta. Kuna magunia 40 ya simenti, kila gunia kilo 50, ya kupandisha mita 6. Ngazi ya zege bado haijamwagwa, iko ya mbao tu, na inayumba. Umeme hauna uhakika, kwa hiyo mashine ya kuinulia tumeiacha. Tuko watu wanne.

Maswali yangu: (1) Tukifunga puli moja juu, uzito utapungua kiasi gani? Na tuifunge kwenye nini? (2) Kamyo (lori) ya simenti haifiki kiwanjani, inaishia barabarani, mita kama 150, na njia ni ya mawe ya lava. Borweti (toroli) au chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili)? (3) Pipa la lita 200 la mazuti (dizeli) litapakizwa kwenye pikap. Mara ya mwisho watu sita walilibeba kwa mikono na likaponyoka. (4) Katikati ya mlango wa kiwanja kuna jiwe kubwa, karibu nusu mita kila upande. Litoke vipi bila kulipasua?

Naomba vipimo, si maneno ya "itawezekana tu".

---

Fundi_Birere alijibu:

Jambo mkubwa. Puli moja inatosha kabisa. Ukiifunga juu, kilo 50 zinagawanyika mara mbili, mtu mmoja anavuta 25. Ndivyo shantye zote zinavyofanya.

Kuhusu jiwe: lava ya nusu mita kila upande, ikiwa nzito isiyo na matundu mengi, inakaribia kilo 300. Usijaribu kuliinua lote. Ukiinua ukingo mmoja, nusu ya uzito inabaki chini upande wa pili, kwa hiyo unapambana na kilo 150 tu. Chukua baramini (mtaimbo) ya metre moja na nusu, ingiza ncha chini ya ukingo, weka egemeo (kitu cha kuegemezea baramini) sentimetre 15 kutoka kwenye ncha. Upande wako unabaki na sentimetre 135, yaani mara 9. Kilo 150 kugawanya kwa 9 ni kama 17. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza, ila usimpe kazi hiyo.

Egemeo lisiwe kipande cha lava yenye matundu. Linasagika, baramini inashuka ghafla. Kipande cha madriye (ubao mnene) ya mbao ngumu ni bora. Mkono ukishuka sentimetre 27, jiwe linapanda 3 tu, kwa hiyo kila linapopanda mtu wa pili asukume kabari kwa ncha ya mbao, si kwa vidole. Kisha unainua egemeo na kuanza tena. Likifika sentimetre 8, pitisha madriye mbili kama reli, juu yake mabomba matatu ya chuma ya unene wa sentimetre 4 au 5, ulishushe hapo na ulisukume. Bomba linalotoka nyuma linahamishwa mbele. Usipanue miguu juu ya baramini, simama pembeni yake. Jiwe likirudi, chuma kinaruka juu kwa nguvu ya jiwe lote.

---

Mwalimu_Katindo alijibu:

Fundi, kwa jiwe umesema sawa, kila neno. Kwa puli hapana, na kosa hili linaangusha watu, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Puli iliyofungwa mahali pamoja haipunguzi uzito hata kidogo. Inageuza tu upande wa kuvuta: badala ya kuvuta kwenda juu, unavuta kwenda chini. Gunia linaning'inia kwenye kamba moja, na kamba hiyo hiyo ndiyo iko mkononi mwako. Kilo 50 upande wa gunia, kilo 50 upande wako. Kisha ongeza msuguano. Puli ya kawaida isiyo na rulma (bearing), inayozunguka kwenye bulo (bolti), inakula kama sehemu 13 kwa 100, kwa hiyo mkononi utahisi kilo 57. Mtu wa kilo 65 anakaribia kunyanyuliwa na gunia.

Uzito unagawanyika pale puli inapotembea pamoja na mzigo. Kamba inafungwa juu kwenye madriye, inashuka, inazunguka puli iliyoshikwa na gunia, inapanda tena hadi puli ya juu, ndipo inashuka kwako. Sasa gunia linabebwa na kamba mbili. Hesabu safi inatoa kilo 26 ukihesabu na puli yenyewe, lakini msuguano wa puli mbili unaipandisha hadi kama 32. Na hakuna cha bure: gunia likipanda mita 6, wewe umevuta kamba mita 12. Kazi ni ile ile, kama joule 2,940 kwa gunia moja kabla ya msuguano. Umeilipa kwa urefu badala ya nguvu.

Jenga_Majengo, mko wanne. Ushauri wangu kwa magunia 40 ni puli moja ya juu na watu wawili kuvuta kamba moja. Kila mmoja anabeba kilo 28 au 29, gunia linafika haraka mara mbili kuliko mpango wa puli mbili. Mpango wa puli mbili ni wa siku mkiwa na mvutaji mmoja tu. Wengi wanapenda puli nyingi kwa sababu zinaonekana za kitaalamu, kumbe kila puli inayoongezwa inaleta msuguano wake na kamba yake.

Sasa faida ya puli iko wapi kama haipunguzi uzito? Iko kwenye mwili wa mbebaji. Mtu wa kilo 65 akipanda ngazi na gunia, anapandisha kilo 115, na akishuka hana alichopata kwa zile 65. Mara 40. Anayevuta kamba anabaki chini, uzito wake mwenyewe unamsaidia kuvuta.

Lililo muhimu kuliko yote ni pale puli inapofungwa. Madriye ya juu haibebi gunia tu. Inabeba gunia pamoja na nguvu mnayovuta kwenda chini: 50 na 57, jumla kilo 107. Gunia likikwama kwenye ukingo wa dale kisha likaachia, mshtuko unaweza kuzidisha mara mbili. Jengeni kwa kilo 300.

Tumieni madriye ya sentimetre 7 kwa 15, urefu metre 3, isimame kwa ubavu: ile 15 iwe wima. Ikilazwa inapinda mara nne na zaidi. Itokeze nje ya ukuta sentimetre 70, metre 2 na sentimetre 30 zibaki ndani, ikae juu ya matofali yaliyokwisha kushikana au juu ya shevro (boriti nyembamba) mbili zilizosimamishwa na kufungwa vizuri. Madriye hiyo yenyewe ni wenzo, kama ile baramini: kilo 107 zinasukuma chini nje kwa sentimetre 70, mkia wa ndani unataka kuruka juu kwa kilo 33. Kwa mshtuko, 66. Wekeni juu ya mkia magunia matatu ya mchanga, kilo 50 kila moja, na muyafunge kwenye madriye, yasiwekwe tu. Gunia lililowekwa bila kufungwa linateleza wakati madriye inatikisika, halafu hakuna kinachozuia. Asitokee mtu wa kukaa kwenye mkia kama uzito. Mtu huinuka kupokea gunia.

Kamba: milimetre 12. Nguvu yake inapita mbali kilo 107, hata fundo likiipunguza nusu, lakini ya milimetre 6 inakata viganja na hamwezi kuishika ikianza kukimbia. Puli ya juu ikiwa mita 7 na nusu kutoka ardhini, kamba ya puli moja ni metre 17, ya puli mbili ni metre 26. Gurudumu la puli liwe na kipenyo kisichopungua sentimetre 10, na mfereji wake upokee kamba bila kuibana. Angalieni nafasi kati ya gurudumu na mashavu yake: kamba ikiweza kupenya hapo, itapenya siku moja gunia likiwa katikati ya safari, na hamtaweza kulipandisha wala kulishusha. Bulo itiwe grisi kila asubuhi.

Gunia la karatasi lisifungwe shingoni, litapasuka. Litumbukizeni ndani ya mfuko wa nailoni uliofumwa, kama ile ya mchele, mkapitisha kamba mbili chini ya kitako chake zikutane juu kwenye ndoano. Ndoano iwe na kifungio. Ile ya herufi S inafunguka gunia likigusa ukuta. Chini ya gunia fungeni kamba nyembamba ya metre 9, mtu wa tatu aishike kutoka mbali na kulivuta gunia lisigonge ukuta. Wa nne yuko juu, amefungwa kiunoni, anapokea.

Gunia likianguka kutoka mita 6 linafika chini kwa mwendo wa kilomita 39 kwa saa. Chorea duara ya metre 3 ardhini, asiingie mtu.

---

Fundi_Birere alijibu:

Aksanti mwalimu. Nimepima sasa hivi kwa bidoni (dumu) ya lita 20 na mizani ya ndoano: kwa puli moja mizani inasoma zaidi ya 20, haipungui. Nafuta niliyoandika kuhusu puli. Hesabu ya mkia wa madriye wengi hawaijui, kwa kweli wanaweka jiwe moja tu juu.

---

Pakiza_Virunga alijibu:

Nichukue pipa.

Lita 200 za mazuti ni kilo 168 hivi, na pipa tupu la chuma karibu 20. Jumla 188. Watu sita kubeba 188 kwa mikono inaonekana rahisi, kilo 31 kila mmoja, lakini pipa halina mahali pa kushika na wale wa upande wa chini wanapokea karibu lote likiinama. Ndiyo maana liliponyoka.

Tumia mteremko. Sakafu ya pikap iko kama sentimetre 80 kutoka chini. Ukiwa na madriye mbili za metre 4, pipa linapanda 80 kwa safari ya 400, yaani moja ya tano. Kusukuma kunahitaji kilo 38 badala ya 188. Mbao za metre 2 zingetaka 75. Kila metre unayoongeza kwenye mbao inapunguza nguvu, ndiyo siri yote ya barabara za kona kona za milimani kwetu.

Lakini usisukume. Anayesukuma anasimama nyuma ya pipa, na pipa likirudi linampitia. Vuta kutoka juu kwa kamba mbili. Funga ncha moja ya kila kamba mbele ndani ya pikap, kwenye chuma cha bodi, ishushe juu ya mbao, ipitishe chini ya pipa, irudi juu ya pipa hadi kwa mvutaji aliyesimama ndani ya pikap. Pipa sasa limekuwa puli inayotembea, ile ile ya mwalimu. Kilo 38 zinakuwa 19. Watu wawili, kila mmoja na kamba yake, wanavuta kama 10, weka 15 na msuguano. Kila kamba iwe na metre 14, maana pipa likipanda 4 kamba imetembea 8.

Yanayoharibu kazi:

Mvutaji mmoja akiwa na haraka kuliko mwenzake, pipa linakwenda mshazari na kushuka kwenye mbao. Mmoja ahesabu kwa sauti, wote wavute pamoja. Pipa lina pete mbili zilizoinuka, ndizo linazozungukia. Panga madriye ili kila pete iwe katikati ya madriye yake, kamba zipite nje ya pete.

Spring za pikap. Pipa likipanda, nyuma ya gari inashuka na vichwa vya mbao vinateleza. Pigilia chini ya kila kichwa kipande cha mbao cha kushikilia ukingo wa sakafu. Usiegemeze mbao kwenye mlango wa nyuma ulioning'inia kwa minyororo, hautengenezwi kwa uzito huo. Uondoe au uteremshe kabisa.

Katikati madriye ya metre 4 inapinda. Weka chini yake tofali au kigogo.

Gari lizimwe, breki ya mkono, gia ya kwanza, jiwe mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu wa tatu anafuata pembeni na kabari mbili, anaziweka nyuma ya pipa kila wavutaji wanapopumzika. Pembeni, narudia, si nyuma. Kizibo kikazwe na mpira wake kabla ya kuanza, na sigara ziwe mbali. Likifika, lilaze kizibo kikiwa juu, pigilia kabari pande zote mbili, ulifunge. Kulishusha ni njia ile ile, kamba ikiachiliwa polepole.

---

Seremala_wa_Chukudu alijibu:

Kwa mita 150 za lava, chukudu, na nitasema sababu.

Borweti ni wenzo wenye gurudumu kwenye egemeo. Weka kilo 80, katikati ya mzigo ikiwa sentimetre 40 kutoka kwenye ekseli na mikono ikiwa 130: mikono inabeba 25. Mzigo ukirudi nyuma hadi 60, mikono inabeba 37. Kwa hiyo gunia lisukumwe mbele, karibu na gurudumu. Hata hivyo ni gunia moja na nusu kwa safari, na gurudumu moja linatafuta kila shimo. Magunia 40 ni safari nyingi.

Chukudu nzuri inabeba magunia manne bila kulalamika, kilo 200, safari 10 zimekwisha. Mzigo wote uko juu ya magurudumu, mikono inaelekeza tu na kusukuma. Barabara ikipanda mita 5 kwa 100, chukudu ya kilo 40 na mzigo wake inataka kilo 12 kwa mlima peke yake, watu wawili wanatosha. Ikipanda 10, ni 24.

Tatizo la lava ni ukubwa wa gurudumu. Jiwe la sentimetre 3 mbele ya gurudumu lenye kipenyo cha 30 linataka nguvu ya robo tatu ya uzito ulio juu yake. Gurudumu la kipenyo cha 60 lingetaka chini ya nusu. Anayepunguza gurudumu ili kuokoa mbao anamuumiza msukumaji maisha yote ya chukudu. Kwenye njia yenu, tangulieni kuondoa mawe yaliyotokeza na kujaza mashimo kwa changarawe. Saa moja ya kazi hiyo inarudisha nguvu nyingi kuliko kubadilisha chukudu.

Pili ni ekseli. Msuguano unatokea kwenye ekseli lakini unaupigania kwenye ukingo wa gurudumu, kwa hiyo ekseli nyembamba na gurudumu kubwa. Ekseli ya mti ya sentimetre 6 kwenye gurudumu la 30 inagawanya msuguano kwa 5. Chuma cha sentimetre 2 na nusu kinaugawanya kwa 12. Kwa mzigo wa kilo 200, mti mkavu juu ya mti unakula kama kilo 12 za nguvu yako, chuma chenye grisi hakifiki 2. Rulma ni bora zaidi, ila vumbi la lava ni kama msasa. Izungushie ngozi au mpira wa tairi, la sivyo itakwisha kabla ya miezi.

Mkiwa mnaikodi kwa siku hiyo, izungusheni gurudumu la mbele likiwa hewani. Likilia, au likiyumba kushoto na kulia, tafuteni nyingine. Angalieni mpira uliopigiliwa kuzunguka gurudumu: misumari iwe imezama ndani ya mpira. Breki ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Ikilowa haishiki vizuri, kwa hiyo baada ya mvua shukeni na mzigo nusu, mtu mmoja akivuta kwa kamba kutoka nyuma. Magunia yalazwe kwa urefu wa ubao, mazito yaliyobanana yawe chini, yasipite kimo cha goti la anayesukuma, na yafungwe. Simenti ifunikwe kwa sheeting (turubai), manyunyu ya Goma hayatangazi.

---

Jenga_Majengo aliandika:

Aksanti sana wote. Jiwe limekwisha kutoka, baramini na mabomba, watu wawili. Jambo moja tu limebaki. Gunia likiwa katikati na wavutaji wamechoka, tunalishikaje bila kulirudisha chini? Kilo 50 ni nyingi kushikilia.

---

Mwalimu_Katindo alijibu:

Simamisheni nguzo ya mti mnene chini, sentimetre 12 au 15, imefukiwa si chini ya sentimetre 80 na kukazwa kwa mawe, metre 3 kutoka kwenye duara ile. Kamba ikishuka kutoka kwenye puli izungushwe kwenye nguzo kabla ya kufika mikononi mwa mtu wa mwisho. Msuguano, ambao hadi hapa ulikuwa adui, hapa unafanya kazi kwa ajili yenu. Kwa kamba na mti wenye mgawo wa msuguano wa 0.2, mzunguko mmoja unagawanya uzito kwa 3.5, miwili kwa 12, mitatu kwa 43. Kilo 50 zinazoning'inia zinakuwa kama kilo 4 kwa mizunguko miwili. Mkono mmoja unatosha.

Wakati wa kupandisha, mzunguko mmoja tu uwe kwenye nguzo, umelegea, na mwenye kamba avute ulegevu kila wenzake wanapovuta. Wakisema pumzika, anakaza. Kwa mapumziko marefu aongeze wa pili na kufunga. Mizunguko isipandane, yaani ule wa juu usilale juu ya wa chini, itajibana na mtaikata kwa kisu. Na asiifunge kamba kiganjani wala kiunoni. Nguzo iguswe baada ya magunia kumi: ikitikisika, kazeni mawe kabla ya la kumi na moja.